Mficha Maradhi: Historia ya Maji Yaliyotiwa Sumu

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tumezoea kuitumia methali hii tunapomshauri mgonjwa anayeona haya kwenda hospitalini. Leo tunaitumia kwa jambo jingine: kwa mito, maziwa, visima na ghuba ambazo wanadamu walizitia uchafu, wakajua kwamba wamezitia uchafu, kisha wakanyamaza.

Historia ya uchafuzi wa maji duniani ni ndefu. Mtu anaweza kuisimulia kwa kutaja sumu moja baada ya nyingine: kinyesi, zebaki, dawa za mashamba, tope la migodi. Sisi tumependelea njia nyingine. Katika kila tukio tumeuliza maswali mawili: ukweli ulijulikana lini, na bomba la uchafu lilifungwa lini? Kati ya siku hizo mbili mara nyingi kuna miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo wamekufa watu ambao wangeweza kuishi.

Tunawaandikia ninyi vijana kwa sababu ninyi ndio mnaobeba bidoni. Katika familia zetu nyingi, kijana ndiye anayeamka mapema kwenda kisimani, mtoni au ziwani. Anayechota maji ana haki ya kujua historia ya maji. Tutaanzia mbali, Uingereza na Japani, kisha Ulaya ya kati, ndipo turudi kwetu Kongo.

London: kisima cha Broad Street

Katikati ya karne ya 19, London ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2, na hapakuwa na mji mwingine wa Ulaya uliolingana nao kwa ukubwa. Kinyesi cha watu hao wote kiliingia katika mashimo yaliyochimbwa chini ya nyumba, na mashimo yalipojaa yalifurika. Baadaye mifereji ikakipeleka moja kwa moja katika mto Thames. Kutoka mto huohuo makampuni yalivuta maji na kuwauzia wakaaji wa mji. Kwa maneno mengine, watu walikunywa kile walichokitupa.

Kipindupindu, ambacho wengi wetu tunakiita kolera, kilifika Uingereza mwaka 1831. Kilirudi tena mwaka 1848 na kuua maelfu ya watu. Waganga wengi wa wakati ule waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya, ile harufu nzito ya mitaa ya maskini. Mganga mmoja, John Snow, mtoto wa kibarua wa mji wa York, hakukubali. Mwaka 1849 alichapisha kitabu kidogo akisema kwamba kolera huingia kwa kinywa, na kwamba maji yaliyochanganyika na kinyesi cha wagonjwa ndiyo yanayoueneza. Wakubwa wa taaluma yake hawakumsikiliza.

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti 1854 ugonjwa ulilipuka katika mtaa wa Soho. Ndani ya siku kumi walikufa watu zaidi ya 500, karibu wote wakiishi jirani na kisima cha pampu kilichokuwa Broad Street. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza: marehemu alikunywa maji ya wapi? Aligundua kwamba vibarua wa kiwanda cha pombe kilichokuwa palepale jirani hawakuugua, kwa kuwa walipewa pombe na hawakutumia kisima kile. Tarehe 8 Septemba viongozi wa mtaa, kwa kumsikiliza Snow, waliondoa mkono wa pampu ili asiweze mtu kuchota. Wakati huo wakaaji wengi walikuwa wamekwisha kukimbia na ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameonyesha kwa hesabu ya wafu kwamba kifo kilitoka kisimani.

Kuna mtu wa pili katika habari hii ambaye haifai kumsahau. Ni kasisi kijana wa Kianglikana aliyetumikia mtaa huo, Henry Whitehead. Alikuwa amewazungukia wagonjwa mchana na usiku, na hakuamini maneno ya Snow. Alianza uchunguzi wake ili aonyeshe kwamba mganga huyo amekosea. Kwa kuwa aliwajua watu kwa majina, waliongea naye bila kuficha, na mwishowe ni yeye aliyepata jibu: karibu kabisa na kisima palikuwa na shimo la choo lililokuwa likivuja, na ndani ya shimo hilo mama mmoja alikuwa amemwaga maji ya kufulia nepi za mtoto wake mchanga aliyekuwa akiharisha. Kasisi aliutafuta ukweli mmoja, akakuta mwingine, na akawa na unyofu wa kuusema.

Je, mji ulibadilika? Haukubadilika bado. Baada ya mlipuko kwisha, mkono wa pampu ulirudishwa. Wakubwa wa afya waliendelea kushika neno lao kuhusu hewa mbaya. Ndipo ulipofika mwezi wa Juni 1858, joto likawa kali, na uvundo wa Thames ukapanda hadi ndani ya Bunge, ambalo limejengwa ukingoni mwa mto. Mapazia yalilowekwa dawa ya chokaa ili wabunge waweze kupumua. Yale ambayo maiti za maskini hazikuyaweza, pua za wakubwa ziliyaweza: sheria ya kujenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi ilipitishwa kwa siku 18. Kazi hiyo alipewa mhandisi Joseph Bazalgette. Snow hakuiona, alikuwa amefariki mwezi uleule wa Juni.

Mwaka 1866 kolera ilirudi mara ya mwisho, ikaua watu zaidi ya 5,000 upande wa mashariki ya mji. Huko waliishi vibarua wa bandarini, na huko ndiko mifereji mipya ilikuwa haijakamilika.

Minamata: ghuba iliyofichwa

Uchafu wa London ulionekana kwa macho na kunuka puani. Karne iliyofuata ilileta sumu isiyo na rangi wala harufu.

Minamata ni mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Mwaka 1908 kampuni iliyokuja kuitwa Chisso ilijenga kiwanda pale, na mji mzima ukaishi kwa kazi na kodi za kiwanda hicho. Nje ya mji, katika vijiji vya ukingoni mwa bahari, waliishi wavuvi maskini. Kuanzia mwaka 1932 kiwanda kilitengeneza kemikali iitwayo asetaldehidi, na katika kazi hiyo kilitumia zebaki. Sehemu ya zebaki iligeuka kuwa sumu inayopenya mwilini kwa urahisi, ikatiririka pamoja na maji machafu hadi katika ghuba.

Ndani ya bahari sumu hiyo haikupotea. Viumbe vidogo visivyoonekana viliimeza, samaki wadogo wakala viumbe hivyo, samaki wakubwa wakala wadogo, na kwa kila hatua sumu iliongezeka. Aliyekuwa mwisho wa mlolongo huo ni mvuvi pamoja na familia yake, waliokula samaki kila siku kwa kuwa hawakuwa na kitoweo kingine.

Ishara ya kwanza ilitoka kwa wanyama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 paka wa vijiji vile walianza kuyumba, kuzunguka kama wanaocheza ngoma, na wengine kutumbukia baharini. Kisha ikaja zamu ya watu. Mikono na miguu ilikufa ganzi, ulimi ukawa mzito, macho yakaona kama kupitia tundu dogo, mwili ukatetemeka bila kukoma. Mwezi wa Aprili 1956 msichana wa miaka 5 aliletwa katika hospitali ya kiwanda akiwa hawezi kutembea wala kusema vizuri. Tarehe 1 Mei, mkuu wa hospitali hiyo, mganga Hosokawa Hajime, aliarifu ofisi ya afya kwamba umezuka ugonjwa usiojulikana.

Tuhesabu sasa miaka. Kabla ya mwaka 1956 kwisha, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikuwa wamekwisha kuelekeza kidole kwenye samaki wa ghuba waliotiwa sumu ya metali. Mwaka 1958 kiwanda, badala ya kuzuia maji yake machafu, kilibadilisha tu mahali pa kuyamwaga: kiliyaelekeza kwenye mdomo wa mto, na ugonjwa ukaenea hadi vijiji vingine. Mwezi wa Julai 1959 wataalamu walitangaza kwamba sumu yenyewe ni zebaki. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule Hosokawa, aliyekuwa akimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, alimwona paka huyo akipatwa na ugonjwa uleule wa watu. Alipeleka habari kwa wakubwa wake. Waliificha, na wakamkataza kuendelea.

Miezi miwili baadaye kampuni ilitia saini na familia za wagonjwa mapatano ya fedha kidogo iliyoitwa fedha ya pole. Ndani ya mapatano hayo kulikuwa na sharti: hata kama itathibitika baadaye kwamba kiwanda ndicho chanzo cha ugonjwa, wagonjwa hawatadai kitu kingine. Wakubwa waliokuwa na habari ya paka yule katika kabati zao waliwatia saini watu wasiojua kusoma siri hiyo. Kampuni ilizindua pia mtambo wa kusafisha maji machafu, nao haukuwa umeundwa kuondoa zebaki. Watu walifikiri mambo yamekwisha.

Miaka ikapita. Watoto walizaliwa wakiwa na viungo vilivyopinda na akili zilizojeruhiwa, huku mama zao wakionekana wazima. Waganga walikuwa wameamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Kumbe lilikuwa limempitishia mtoto sumu ya mama. Majirani waliogopa kuambukizwa, wakawatenga wagonjwa. Wengine mjini waliwachukia kwa kuwa malalamiko yao yalihatarisha kazi za kiwanda. Mwaka 1965 ugonjwa uleule ulizuka mahali pengine, katika jimbo la Niigata, kando ya mto Agano, chini ya kiwanda cha kampuni nyingine iliyotumia ufundi uleule. Kama ukweli wa mwaka 1959 ungetangazwa, huenda Niigata wangeokoka.

Kiwanda cha Minamata kiliacha kutumia zebaki mwezi wa Mei 1968, wakati ambapo ufundi huo ulikuwa umepitwa na wakati. Serikali ya Japani ilitambua rasmi chanzo cha ugonjwa mwezi wa Septemba mwaka huohuo, baada ya miaka 12. Mwaka 1970 Hosokawa, akiwa mgonjwa kitandani na karibu na kufa, alitoa ushahidi mbele ya mahakimu juu ya paka yule. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliihukumu kampuni kulipa. Watu zaidi ya 2,200 walitambuliwa rasmi kuwa wagonjwa wa Minamata, na maelfu wengine waliendelea kudai haki yao kwa miongo mingi. Tope lenye zebaki lilichimbuliwa kutoka chini ya ghuba, na ni mwaka 1997 tu ndipo ilipotangazwa kwamba samaki wa pale hawana hatari tena.

Hatumtaji Hosokawa ili tumhukumu. Alikuwa mwajiriwa, alitii, na aliubeba mzigo wa utii huo kwa miaka kumi na zaidi. Tunamtaja kwa sababu wengi wetu tutakuwa waajiriwa siku moja, na jioni moja tutarudi nyumbani tukiwa na ukweli ambao mkubwa wetu hataki usemwe.

Rhine: mto uliogeuka mwekundu

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1986, ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz lilishika moto karibu na mji wa Basel, Uswisi. Wazima moto walimwaga maji mengi, na maji hayo yakasomba tani nyingi za dawa za kuulia wadudu hadi mto Rhine. Ndani ya ghala mlikuwa pia na rangi, nayo ikaufanya mto uwe mwekundu. Samaki walikufa kwa umbali wa mamia ya kilomita, na mikunga peke yao walihesabiwa kuwa kiasi cha 150,000. Kutoka Uswisi mto huo hupita Ufaransa na Ujerumani, kisha huingia baharini Uholanzi. Miji iliyokunywa maji yake ililazimika kufunga mabomba.

Rangi ile nyekundu haikuwa ndiyo sumu kubwa. Ilikuwa kama alama tu, iliyowaonyesha watu njia ambayo uchafu wa viwanda ulikuwa ukipita kila siku bila kuonekana. Tangu miaka mingi Rhine uliitwa mfereji wa uchafu wa Ulaya, na samaki wa thamani aitwaye salmoni alikuwa ametoweka. Nchi za kando ya mto zilikuwa na tume ya pamoja tangu mwaka 1950, lakini zilikuwa zikijadiliana polepole. Safari hii raia walijaza barabara, na mwaka 1987 nchi hizo zilikubaliana mpango wenye lengo ambalo hata mtoto angeweza kulielewa: salmoni arudi mtoni kabla ya mwaka 2000. Viwanda vililazimishwa kusafisha maji yao, na miji ikajenga mitambo ya kusafisha kinyesi. Salmoni alianza kurudi katika miaka ya 1990.

Tumeiweka habari hii katikati ili mtu asikate tamaa. Mto unaweza kupona. Rhine ulianza kupona siku ile ambapo anayeishi chini ya mto alipata sauti sawa na anayeishi juu ya mto, na ambapo uchafu wa kila mmoja ulipimwa na kutangazwa.

Kwetu: Goma, Kasai na dhahabu ya mitoni

Sasa turudi nyumbani. Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma ndani ya siku chache. Ardhi ya Goma, kama wanavyojua wenyeji wake, ni mawe ya volkano. Vyoo havikuchimbika, visima havikuchimbika, hata makaburi hayakuchimbika. Watu walichota maji ya Ziwa Kivu kama yalivyokuwa. Kolera ikalipuka, ikifuatwa na ugonjwa wa kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000.

Tukumbuke kwamba ilikuwa miaka 140 baada ya kisima cha Broad Street. Elimu ilikuwepo; dawa ya klorini ilikuwepo; chumvi na sukari vya kumwokoa mgonjwa anayeishiwa maji mwilini vilijulikana duniani kote. Kilichokosekana ni maji safi mahali ambapo watu walikuwa, siku ile waliyoyahitaji. Mitambo ya kusafisha maji ililetwa, na vifo vilipungua, lakini makaburi ya pamoja yalikuwa yamekwisha kujaa. Na hata leo, kila vita vinapowasukuma watu kutoka vijiji vyao hadi kambini, kolera huwafuata kwa njia ileile.

Habari ya pili ni ya Kasai. Mwishoni mwa mwezi wa Julai 2021, mto Tshikapa uligeuka mwekundu. Mto huo unatoka Angola, na huko, kwenye mgodi mkubwa wa almasi, maji yenye mabaki ya uchimbaji yalikuwa yamevuja kutoka bwawa lake. Samaki walielea juu ya maji wakiwa wamekufa, na viboko pia. Wakaaji wa kando ya mto walikatazwa kunywa maji yake na kula samaki wake, lakini wengi wao hawakuwa na maji mengine. Mwezi wa Septemba waziri wa mazingira wa nchi yetu alitangaza kwamba watu 12 wamekufa na wengine kiasi cha 4,400 wameugua. Mgodi ulikubali kwamba uvujaji ulitokea, ukakana kwamba maji hayo yalikuwa na sumu. Yeyote aliyesoma habari za Minamata na za Rhine atatambua mara moja mambo mawili: mto uliobadilika rangi, na neno la aliye juu ya mto kupingana na neno la aliye chini yake.

Habari ya tatu haina tarehe, kwa kuwa inatokea kila siku. Katika Ituri, Kivu ya Kusini na mahali pengine, wachimbaji wa mikono huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu. Zebaki hushikana na dhahabu. Kisha huchomwa motoni, mvuke wake huingia mapafuni mwa mchomaji na wa watoto walio karibu, na masalio hutiririka mtoni. Hii ni zebaki, ileile iliyoharibu Minamata. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana juu ya mkataba wa kupunguza matumizi yake, nao ukapewa jina la mji ule: Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017. Hapa hatuna kiwanda kimoja cha kulaumu. Tuna kijana anayetafuta ada ya masomo ya wadogo zake, asiyeambiwa na yeyote kile anachokishika mikononi. Anayemuuzia zebaki anajua. Anayenunua dhahabu yake anajua. Yeye peke yake ndiye asiyejua, na mwili wake ndio unaolipa.

Mafundisho ya historia

Tukiziweka pamoja habari hizi zote, tunaona sababu zinazofanana. Ya kwanza ni wingi wa watu mahali pasipo na vyoo wala mifereji: hiyo ndiyo London, hiyo ndiyo Goma. Ya pili ni kazi inayoleta faida kwa wachache na kuacha uchafu kwa wengi: hiyo ndiyo Minamata, Rhine, na migodi yetu. Ya tatu, inayozipa nguvu hizo mbili, ni kwamba anayechafua mara nyingi haishi pale anapokunywa anayechafuliwa. Maji hufuata mkondo, na uchafu nao humfikia aliye chini, ambaye karibu kila mara ni maskini.

Madhara nayo yanafanana. Kuna kifo cha haraka, kama cha kolera, kinachomaliza familia kwa siku mbili. Kuna kifo cha polepole, kinachoanza na ganzi ya vidole na kuishia kwa mtoto aliyezaliwa mlemavu. Kuna kufa kwa samaki, ambako ni kufa kwa kazi ya mvuvi. Na kuna madhara ambayo vipimo vya maabara havionyeshi: jirani kumkimbia jirani, mji kuwachukia wagonjwa wake, watu kupoteza imani katika neno la viongozi wao. Mwaka 2022, watu bilioni 2.2 duniani walikuwa bado hawana huduma ya maji ya kunywa yenye usalama wa kuaminika.

Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba maji safi ni haki ya kila binadamu, na mwaka 2015 Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si', alisisitiza jambo hilohilo na kulihusisha na deni tulilo nalo kwa maskini. Haki iliyoandikwa ni mwanzo mzuri. Lakini historia inaonyesha kwamba haki ya maji ililindwa pale tu ambapo mtu fulani alihesabu wagonjwa, akaandika, akasema mbele ya watu, na asiachwe peke yake.

Basi kijana wa parokia afanye nini? Hatumwombi apambane na kampuni kwa mikono mitupu. Tunamwomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Ajue maji ya nyumbani mwake yanatoka wapi, na juu yake kuna nini. Choo kisichimbwe karibu na kisima: mafundi wa afya hushauri umbali usiopungua mita 30, na upande wa chini wa kisima. Maji yachemshwe au yatiwe klorini, hata yakionekana meupe, kwa maana zebaki ya Minamata na vijidudu vya Broad Street havikuwa na rangi. Na tujue pia kwamba moto huua vijidudu lakini hauondoi metali. Samaki wakianza kufa, au watoto wa mtaa mmoja wakianza kuugua pamoja, kikundi kiandike tarehe, mahali na idadi, kisha kipeleke habari hiyo kwenye kituo cha afya na kwa viongozi. Daftari la kikundi cha vijana ni kitu kidogo, lakini kazi ya Snow na Whitehead ilianza hivyohivyo: nyumba kwa nyumba, jina kwa jina.

Kwa mkutano wenu ujao, tunawaachia maswali matatu ya kuzungumzia:

1. Juu ya mto, ziwa au kisima tunachochota, kuna nini, na ni nani kati yetu amekwenda kupaona?

2. Katika mtaa wetu, ni ugonjwa gani unaohusu maji ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeutaja hadharani? Ni woga gani unaotuzuia?

3. Kama mmoja wetu angekuwa mahali pa mganga Hosokawa mwaka 1959, sisi wenzake tungemsaidia vipi ili asingoje miaka 11 kusema?